Familia ya Hamsini

Alhamisi, 6 Februari
Chama cha wazazi kinahitaji familia hamsini ndipo watafiti wakubali kuichunguza aina yao adimu ya kifafa. Zipo arobaini na tisa. Sisi wanafunzi wa ushauri wa vinasaba tumeombwa kusaidia: kupiga simu, kujaza fomu, kusikiliza. Kusikiliza nimewaachia wengine. Mimi nitaileta ya hamsini, na kwenye mkutano wa chama wiki ijayo nitasimama mbele. Marisol wa darasani kwetu naye anaitafuta, ingawa anajifanya hana habari. Namjua.

Ijumaa, 7 Februari
Mpango: mlo wa samaki ambao kanisa huuza kila Ijumaa. Nusu ya mji wa Milwaukee katika ukumbi mmoja! Nikaweka karatasi za chama kila meza. Padri akaziondoa. Nikazirudisha. Bibi mmoja, Bernadine Kosciuk, akaniita. Akataka kujua kama watoto wa kwenye karatasi huanguka wakioga maji ya moto. Samaki akanidondoka. Binti yake Lorna, miaka arobaini na mmoja, huanguka hivyo tangu ana miezi sita. Hakuna aliyewahi kumtajia jina la ugonjwa.
Nimemtajia mimi!

Jumatatu, 10 Februari
Daktari Halvorsen, msimamizi wetu, ameniita ofisini, akafunga mlango. Eti nimempa mzazi jina la ugonjwa bila kipimo, tena nikiwa na sahani mkononi. Akauliza kama nilimuuliza bibi iwapo Lorna aliwahi kupimwa. Nikasema swali hilo lingenichelewesha. Familia amepewa Marisol. Mimi niende naye, niandike, nifunge mdomo.

Jumatano, 12 Februari
Nyumbani kwa Bernadine. Lorna alikuwa anaunganisha picha ya vipande elfu moja. Akanipa kimoja nikipachike. Nikakosea. Akakichukua bila neno.
Marisol akauliza swali lile la kipimo. Bernadine akafungua droo ya vitambaa vya meza, akatoa bahasha ya majibu. Ilikuja kwa posta miaka minne iliyopita, na hakuna aliyempigia simu kumweleza. Jina la jeni limo. Siyo ile ya chama chetu. Hamsini yangu imeponyoka!
Bernadine akaweka kidole juu ya maneno mawili ya Kilatini, de novo, akauliza maana yake. Marisol akaeleza polepole: ni badiliko jipya, limeanza kwa Lorna mwenyewe, halikurithiwa kwa mama wala baba.
 Bibi akasema, “Niliteleza kwenye barafu nikiwa na mimba ya miezi saba. Miaka yote hii nimejua ni mimi.”
“Si wewe, mama,” Marisol akamwambia. “Si barafu. Hakuna ulichofanya, wala ulichoacha kufanya.”
Lorna, bila kuinua macho, akamwambia mama yake alie upande mwingine, analowesha vipande. Bernadine akacheka huku machozi yanamtoka. Mimi nikaandika yote. Mwandiko umepinda kidogo. Nyumba ile ina baridi.

Jumamosi, 15 Februari
Mkutano. Kumbe familia ya hamsini ilijiandikisha yenyewe tangu Jumanne, na hakuna aliyeniambia! Bernadine na Lorna walikuja, ingawa ugonjwa wao ni mwingine. Wazazi wakawasogezea viti vya mbele. Bibi akaombwa aseme neno. Akasema kila mwenye bahasha ndani ya droo aitoe, aulize. Mama watatu wakainuka papo hapo wakamfuata Marisol.
Baadaye Daktari Halvorsen aliniuliza kwa upole nimejifunza nini. Nikasema, mengi.
Nimechunguza. Ugonjwa wa Lorna hauna chama nchini kote. Hata kimoja! Nimekianzisha mimi, nikajiteua katibu. Mzee aliyeketi nyuma yangu mkutanoni ana mpwa anayeanguka akipata homa. Nimemwambia asihangaike na vipimo, ni ule ule wa Lorna.