Majibu Yanayotarajiwa

Jumatatu, 9 Juni

Mvua tangu alfajiri. Kikao cha walimu wa hisabati, watu wanne, soksi zote zimelowa. Ajenda: madarasa matatu ya kidato cha kwanza yafundishwe namba hasi kwa mpango mmoja. Kumbe wamechungulia madaftari ya wanafunzi wangu! Miaka ishirini na mbili nafundisha hivi: hasi mara hasi ni chanya, kariri, tusonge mbele. Hakuna aliyekufa. Mwalimu Hirose, mwenye miaka minne tu kazini, aliuliza kwa upole kama darasa langu linajua kwa nini iwe chanya. Kwa upole! Nikasema linajua sana. Uongo mtupu.

Imeamuliwa tuandike somo pamoja. Hirose atalifundisha kwanza, tutalirekebisha, kisha nitalifundisha mimi Ijumaa, mbele ya walimu wa mji mzima na Profesa Onodera wa chuo kikuu. Mzee Tsukuda, mkuu wa idara yetu, anastaafu Machi. Atakayeng'ara atarithi kiti chake. Hakusema hivyo, ila aliniangalia. Au aliangalia saa iliyo nyuma yangu.

Jumanne, 10 Juni

Mpango tayari. Kurasa sita, mihuri minne myekundu badala ya saini zetu, wangu umepinda. Swali: maji ya tangi yanashuka sentimita mbili kila dakika, dakika tatu zilizopita yalikuwa wapi ukilinganisha na sasa? Halafu ile safu ya katikati, "Majibu yanayotarajiwa". Tumekaa saa tatu nzima tukikisia watoto watasema nini. La kwanza, la kukosea: hasi sita. La pili: chanya sita, kwa kufuata mpangilio wa namba ubaoni. La tatu: chanya sita, kwa mchoro.

Wazo limenijia mchana, nikitafuna figili. Kama majibu tumeshayatarajia, kwa nini tuyaachie bahati? Nitayagawa!

Jumatano, 11 Juni

Somo la Hirose. Vurugu! Watoto wamekosea kwa njia ambazo hatukuziota. Mmoja alisema tangi limetoboka, aitwe fundi. Nilicheka moyoni mpaka nikaona haya kidogo. Cha ajabu, Tsukuda alifurahi, akaandika kurasa nne. Kikaoni wakapanga upya hiki na kile. Mimi nilikuwa nakata vikaratasi chini ya meza. Niliitikia kila kitu, nikapiga muhuri.

Alhamisi, 12 Juni

Nimewagawia wanafunzi vikaratasi wakati wa kufagia darasa. Nimeyanakili majibu moja kwa moja kutoka kwenye mpango, kazi safi. Dobashi, mwenye sauti nzuri, kapewa la pili. La kukosea nimempa Wakui Chinatsu. Akaniuliza, "Mwalimu, mbona mimi ndiye wa kukosea?" Nikamjibu kwamba yeye hukosea kwa namna ya kawaida kabisa, wageni hawatashtuka. Akakunja karatasi, akaendelea kufagia.  

Ijumaa, 13 Juni

Sijui nianzie wapi.

Wageni thelathini na mmoja, wamejipanga kando ya kuta, mbao zao za kuandikia mikononi, kandambili za wageni za kuvaa ndani hazikutosha. Nikafungua mpango mpya kwa mara ya kwanza, chaki mkononi. Sentimita nne! Wamebadilisha mbili kuwa nne! Na muhuri wangu uko pale pale chini, umepinda. Nikaandika nne, ilhali vikaratasi vyote vinasema sita, si kumi na mbili. Ningefanyaje?

Nikauliza swali. Dobashi akasimama wima, akasoma kwa sauti yake nzuri: "Mwanafunzi anatazama ubao, anasita kidogo, kisha anasema, chanya sita."

Kalamu thelathini na moja zikaandika.

Nikamgeukia Wakui kwa macho ya kuomba. Akasimama. Akasema, "Mimi nimepewa la kukosea, Mwalimu, ila kabla sijakosea naomba kuuliza. Dakika zilizopita tunaziita hasi kwa sababu sasa tumeiita sifuri. Nani aliamua kwamba sasa ni sifuri?"

Lilikuwa swali zuri kuliko yote niliyowahi kuulizwa, na nililijua hapo hapo. Nami nikasema, mbele ya mji mzima, "Hilo halimo kwenye orodha. Kaa chini."

Akakaa.

Kikao cha baadaye ndicho kilichoniua. Hapa hatumsemi mwalimu, tunasema "somo letu". Basi wakasema. Somo letu lilikuwa na haraka. Somo letu halikumsikiliza mtoto. Hirose akasimama, akainama mbele ya Profesa, akasema sote tuliandika mpango ule, kwa hiyo sote tulimkalisha Wakui chini. Yeye! Ambaye hakugawa hata karatasi moja! Natamani angenitukana. Profesa Onodera alisema jambo moja tu, kwamba ametoka mbali, na swali lile limemlipia safari yake.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwomba Wakui radhi pale kwenye makabati ya viatu, nimeinama mpaka miwani ikadondoka. Akaiokota. Akasema, "Haya, Mwalimu, yameisha. Lakini jibu ni nini?" Nikasema nitalitafuta. Uso uliniwaka mpaka kengele ya mwisho. Mtoto huyu nimemwita wa kukosea tangu mwaka wa shule uanze Aprili, kumbe anafikiri kuliko mimi, na nisingeligundua kama wageni wasingekuwepo. Nimeapa kubadilika.

Jumanne, 17 Juni

Tsukuda ametangaza kwamba Hirose ataongoza mpango wa pamoja. Nilipiga makofi kwa nguvu, viganja vinauma. Halafu akanipa nafasi ya pili: Ijumaa nifundishe tena, mpango uleule, na Profesa atarudi. Hirose ameongeza safu mpya: "Maswali tusiyoyatarajia". Ameiacha wazi. Nikamwambia amesahau kuijaza. Akacheka, akasema, "Hiyo ni ya watoto, Mwalimu Kuramochi. Tuwaachie."

Safu tupu! Na muhuri wangu chini yake!

Jumatano, 18 Juni

Nimeijaza. Maswali thelathini na mawili yasiyotarajiwa, moja kwa kila mwanafunzi, na safari hii nimefuta maelezo yote ya kusita kidogo. Sentimita nne nimezihakiki mara mbili. Dobashi ataanza. Wakui nimempa nafasi ya heshima, ya mwisho: atauliza lile swali lake mwenyewe. Nimemwandikia kwenye karatasi asije akakosea.