Balbu Ndani ya Kopo la Vidonge

Jumatatu, 3 Machi

Gari limezima tena. Safari hii mbele ya lango la hospitali, na gari la wagonjwa nyuma yetu linapiga honi. Binti yangu aligonga usukani kwa kiganja, akaniuliza tutasukumwa na watu tusiowajua hadi lini. Nikamwambia amuulize fundi.

Daktari alizungumza na binti mlango ukiwa wazi, kana kwamba mimi ni kiti. Moyo umechoka. Wiki, si miaka. Tumepewa mashine ya kupimia presha twende nayo nyumbani. Ina kitaa chekundu chenye umbo la moyo. Kikimweka, yaani kikiwaka na kuzima, mapigo yamejikwaa. Binti ameapa kwamba kikimweka mara moja tu, nalazwa wodini siku hiyo hiyo, tena nisimletee ubishi.

Basi nimechukua daftari la zamani la maandalio ya masomo. Mtu aliyefundisha fizikia miaka thelathini na mmoja hapaswi kuondoka duniani bila kuandika ukweli. Nitauandika kesho. Leo nimechoka.

Jumanne, 4 Machi

Ukweli. Oktoba iliyopita taa nyekundu ya betri iliwaka kwenye dashibodi. Binti alikuwa ameshatamka: Baba, taa moja zaidi ikiwaka kwenye hilo debe lako, linauzwa vyuma chakavu. Na gari hilo ndilo kitu pekee katika nyumba hii ambacho bado ninaitwa mwenyewe. Chakula napangiwa. Soksi navalishwa.

Nikawaza kisayansi. Taa si ugonjwa. Taa ni mpiga kelele tu. Nikabandua dashibodi kwa kisu cha jikoni (kikakatika ncha!), nikachomoa balbu, ndogo kama punje ya mahindi, nikaificha kwenye kopo la vidonge vyangu. Kimya! Amani! Kesho yake binti akalipeleka gari kwa fundi umeme wa magari, naye akakaza mkanda wa injini uliokuwa umelegea. Binti akaona hakuna taa, akamsifu fundi mpaka nikakosa hamu ya chai.

Wiki moja baadaye gari likafa. Aliyeligusa mwisho ni nani? Fundi. Nikamweleza kinyozi, povu likiwa kidevuni, kwamba fundi ameninyofolea alteneta yangu, kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, na kunipachikia mbovu. Je, niliona? Sikuona. Nilikisia. Mwalimu wa fizikia akikisia, inaitwa nadharia. Kinyozi akaisambaza nadharia kwa kila mwenye kidevu.

Tangu hapo gari sijalirudisha kwa fundi. Jirani hutuwashia kwa waya za betri, tunatembea siku mbili, tunazima.

Fundi huyo nilimfundisha. Kwenye ripoti yake niliandika: hana kichwa cha umeme.

Jumatano, 5 Machi

Mgeni! Mwenyekiti wa gereji, mtu mzito, alikalia kitanda changu hadi nikainuka upande wangu. Kasema wateja wamemkimbia fundi umeme. Wenye magari wanafika getini, wanauliza kama yule mwizi wa alteneta bado yupo. Ijumaa asubuhi mafundi wote watakutana, na fundi ataambiwa afunge sanduku lake la vifaa aondoke. Ana miaka kumi na tisa pale. Ila mwenyekiti hataki kumfukuza mtu kwa maneno ya kinyozi. Anataka shahidi msomi. Yaani mimi.

Hapa ndipo nilipotakiwa kusema. Mdomo niliufungua, nakumbuka vizuri. Ukatoka msemo kwamba haki itendeke. Mwenyekiti akanishika mkono kwa mikono miwili, akaniambia wazee kama mimi wamebaki wachache.

 

Alhamisi, 6 Machi

Nimepata wazo. Zamani, vifaa vyote vya maabara ya shule nilivitia alama kwa msumari: pembetatu yenye nukta katikati. Nilipolinunua gari, nikaitia alteneta alama hiyo hiyo. Sasa, kama alama haipo, fundi kweli ni mwizi na mimi ni mtu mwema. Nilitamani sana iwe haipo. Sijawahi kumtamania mtu wizi kiasi hicho.

Binti alipokwenda kazini nikajikokota hadi nje na lenzi ya kusomea gazeti. Kufungua boneti tu, mapumziko matatu. Nikainama.

Pembetatu ipo. Nukta ipo.

Alteneta ni yangu. Haijaguswa. Nimemvunjia jina mtu asiye na kosa, na kesho nitasimama mbele ya watu kumnyang'anya na mkate.

Mtu wa maana angekwenda kuomba radhi. Mimi nilirudi ndani kuchukua tupa ya kucha. Nikaanza kuifuta alama! Nilifuta upande mmoja wa pembetatu, pumzi ikakata, nikalala juu ya injini kama tambara. Binti alirudi mapema, akanikuta hivyo. Nikasema napima oili. Akauliza, kwa tupa ya kucha, Baba? Nikajifanya sisikii. Uzee una faida hiyo moja.

Ijumaa, 7 Machi

Siku mbaya kuliko zote, na nimewahi kuzika mke.

Mafundi walikaa juu ya matairi, mimi nikapewa kiti chenye mgongo. Kabla sijatoa ushahidi fundi umeme akaomba jambo moja tu: alipime gari mbele ya watu wote. Yule yule asiye na kichwa cha umeme. Akaniamkia shikamoo Mwalimu. Nikaitikia marahaba nikitazama viatu.

Alifungua boneti, akaitazama alama muda mrefu. Akasema pembetatu hii aliitazama miaka minne kwenye betri za maabara, ila siku hizi anaona imepungua upande. Mafundi wakacheka. Mmoja akasema pengine nayo imestaafu. Basi wote wakaona kwamba alteneta haikuibwa. Nikadhani tumemaliza. Nikashukuru.

Hatukumaliza. Akabandika mita kwenye vichwa vya betri, injini ikinguruma. Volti kumi na mbili. Akasema alteneta ikifanya kazi mita ingesoma karibu kumi na nne. Hapa betri inaliwa tu, haipewi kitu. Mkanda, mzima. Fyuzi, nzima. Akazima, akageuza ufunguo nusu bila kuwasha injini, akawaita wote watazame dashibodi. Ufunguo ukifika hapo, kasema, kila taa ya onyo lazima iwake kwanza, ndivyo gari linavyokuonyesha kuwa taa zenyewe ni nzima. Ya oili imewaka. Ya breki imewaka. Ya betri je?

Giza.

Kisha akaeleza, polepole, kwa sauti ninayoifahamu kwa sababu ni yangu, ya ubaoni. Kwenye magari ya zamani kama hili, umeme mdogo unaoiamsha alteneta unapita ndani ya balbu hiyo hiyo ya onyo. Ukiitoa balbu, alteneta inabaki usingizini. Haina ubovu wowote. Inasubiri kuamshwa.

Miaka thelathini na mmoja! Na sikujua! Ugonjwa wenyewe ulikwisha Oktoba, siku ile alipokaza mkanda. Taa ingezimika yenyewe. Miezi yote hii gari limekufa kwa mkono wangu.

Mtu akauliza balbu ilikwenda wapi. Kopo la vidonge lilikuwa katika mfuko wangu wa kushoto, nikilitingisha litalia. Nikakohoa. Nikakohoa vizuri sana, wakanishika, wakanipepea kwa kipande cha boksi. Huku nyuma nikamsikia fundi mwingine akisema dashibodi za watu anazifungua mmoja tu hapa, kwa hiyo kama si alteneta, ni balbu. Mwenyekiti akasema mwizi ni mwizi. Fundi wa umeme amepewa hadi kesho kutwa jioni awe ameondoka.

Nilikuwa na pumzi ya kutosha kusema neno moja. Nilihesabu. Ilitosha.

Jumamosi, 8 Machi

Sijainuka kitandani. Alasiri akaja fundi mwenyewe. Alikuwa ametia balbu mpya garini, mita imesoma kumi na nne na kidogo. Akakaa kwenye kigoda, akatoa karatasi mfukoni, akaikunjua kwenye shuka langu. Ndani yake ncha ya kisu. Aliikuta jana imenasa kwenye ufa wa dashibodi alipoinama kugeuza ufunguo, kabla ya kuwaita watu watazame.

Nikamuuliza kwa nini hakuitoa pale pale. Akasema mwalimu havuliwi nguo mbele za watu, hata akiwa kajivua mwenyewe. Kisha akacheka kidogo, akasema ukweli anatamani kunizaba kibao, lakini kwa hali yangu ataambiwa ameua. Anachoomba ni mistari miwili kwa mwenyekiti. Miwili tu, Mwalimu, tena bila nadharia.

Mlangoni aligeuka kuniambia kwamba ile ripoti anayo mpaka leo. Mama yake aliitia kwenye fremu, hakujua kusoma.

Nimelia. Halafu nimeandika rasimu. Ya kwanza inasema balbu ilichomoka yenyewe. Ya pili inasema ilichomolewa, bila kutaja na nani. Ya nne ilikuwa nzuri kwa lugha.

Jumapili, 9 Machi

Nimeandika. Mistari miwili: Balbu niliichomoa mimi kwa mkono wangu. Fundi hakuiba kitu, nilimsingizia. Nikatia sahihi, nikaitia barua pamoja na balbu ndani ya bahasha, nikasahau kuifunga. Binti akaisoma amesimama. Hakunifokea. Afadhali angefoka. Alisema tu, kwa hiyo tulisukumwa miezi mitano kwa ajili ya taa, Baba? Akachukua funguo, akasema anaipeleka mwenyewe sasa hivi, kabla jamaa hajafungasha. Gari liliwaka mara moja. Nililisikia likipanda barabara, likiwa zima kabisa, sina ninalolidai.

Nimejisikia mwepesi. Nikasema, huyu ndiye mtu mpya, hata kama ni wa wiki chache. Sitaficha tena kitu.

Nikajipima presha.

Kitaa chekundu kimemweka. Nikapima tena. Kimemweka tena.

Binti atarudi baada ya saa moja, na cha kwanza atakachofanya ni kunifunga mashine mkononi. Wodini! Nilazwe, na gari ndiyo kwanza limepona! Nimeigeuza mashine. Nyuma ina skrubu nne ndogo. Kile kisu cha jikoni kilichokatika ncha, ajabu, kinaingia kwenye skrubu vizuri kuliko kilipokuwa kizima.