Nilivyozikaza Cheni za Bata

Jumatatu, 9 Machi

Mvua. Daraja limeondoka na maji bila kuaga. Upande huu tuko sisi. Upande ule yuko Mzee Sayi na ng'ombe wake, na mwanawe Kulwa, anayemtaka Yusta, binti wa dada yangu Matilda. Posa ni Jumamosi. Kwaresma harusi hakuna, lakini kuongea hakuna padri anayekataza.

Mzee Sayi amepiga simu. Mtumbwi hapandi. Yeye ni mfugaji, si chura. Na Jumamosi ikipita bila posa atajua kwamba maji yamesema hapana, atamtafutia Kulwa msichana wa upande wake. Yusta amelia juu ya unga. Dada kasema basi leo ugali una chumvi.

Nikasimama. Nikawaambia nitawavusha mimi. Kwa Bata!

Bata ni gari la skimu yetu ya mpunga. Ana matairi manane. Nchi kavu anakwenda, majini anaelea. Chini ya sakafu yake mna cheni, za kushoto na za kulia, ndizo zinazozungusha matairi. Mimi na cheni tunajuana zamani. Kule Mufindi karakana nzima ya kiwanda cha chai ilikuwa mikononi mwangu. Nilishika ufagio, ni kweli, lakini ufagio hufika pembe ambazo injinia hafiki.

Dada aliendelea kusonga ugali. Kisha akauliza kama Jofrey atakuwepo. Jofrey! Fundi pikipiki!

Jumanne, 10 Machi

Mwenyekiti wa skimu, Lusekelo, amekubali kutuazima Bata. Sharti moja: Jofrey amkague kwanza. Nimekubali, kwa mdomo.

Tumefungua sakafu. Jofrey kaingia na tochi mdomoni kama paka aliyekamata panya. Kasema cheni za kulia zimelegea. Kile kidude kinachoisukuma cheni isilegee, yeye anakiita tenshena, kimelika. Kiatu chake cha plastiki kimebaki kama ganda la kitunguu. Kipya kinapatikana Mbeya mjini, ataagiza. Cheni zipakwe oili yake. Na zisikazwe mno, ziachwe zicheze kidogo.

Zicheze! Cheni icheze ngoma gani?

Nikamweleza kwamba kwetu Kalenga, babu yangu alifunga mishikio ya mikuki ya Mkwawa kwa ngozi mbichi. Ngozi ikikauka, inajikaza yenyewe. Hakuna mkuki uliocheza. Jofrey akauliza kama mikuki ile ilikuwa inaogelea.

Watu wamecheka. Mimi pia nimecheka, kwa nia mbaya.

Jumatano, 11 Machi

Mpango. Jofrey lazima aondoke mbele ya macho yangu. Nimemwambia kuna pawatila, lile trekta dogo la mkono, imekufa Rujewa, mwenyewe analia kama mfiwa. Pawatila hiyo haipo. Mwenyewe hayupo. Jofrey kapanda pikipiki, kaenda.

Kazi ikaanza. Nimechukua ngozi mbichi kwa mchinjaji. Nimekata kipande, nimekiviringisha kwenye tenshena mahali pa kile kiatu cha plastiki, nikabana kwa waya. Nikakaza mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Kila Mhehe anajua habari ya ngozi mbichi. Kila Msukuma anajua. Ngoma zote za nchi hii zinajua. Asiyejua ni Jofrey, kwa kuwa alisoma.

Oili sikuwa nayo. Nimepaka samli ya dada. Samli imetoka kwa ng'ombe, ngozi imetoka kwa ng'ombe. Haziwezi kugombana.

Jioni Jofrey amerudi amebeba jogoo. Kumbe Rujewa pawatila iliyokufa ilikuwepo! Ameifufua, wakampa jogoo. Kaja kunishukuru mlangoni. Ndaga, asante, mjomba, bila wewe nisingejua.

Jogoo kanitazama kama anayejua kila kitu. Sikulala vizuri.

Alhamisi, 12 Machi

Tenshena ya Mbeya haijafika. Jofrey anataka kufungua sakafu tena. Nimekaa juu ya sakafu. Nimekunywa chai pale, nimekula pale. Nikamwambia kazi imekwisha, asimsumbue mgonjwa aliyepona.

Jua limetoka na ngozi imekauka. Cheni zimekaza hata ukizigusa zinalia kama gitaa. Nikawasha. Bata akaenda moja kwa moja, bila kelele. Mwenyekiti Lusekelo akasema hajawahi kumwona amenyooka hivi. Nilimsikia kwa masikio yangu mawili! Nikamwomba arudie Jofrey akiwa karibu. Akarudia.

Jofrey kapiga magoti, kanusa sakafu. Akauliza, mjomba, humu mnapikwa nini?

Mbwa wa mtaa mzima wamelala kumzunguka Bata. Nimewaambia watu kwamba ni ulinzi.

Dada anauliza samli yake iko wapi. Nimesema panya. Akasema panya wa kubeba ndoo na mfuniko wake anataka kumwona.

Ijumaa, 13 Machi

Jofrey anasema tumjaribu Bata majini kabla ya kupakia wazee wa watu. Maji kidogo huingia kwenye matundu ya ekseli, anasema, na yeye hajui huko ndani nimefanya nini. Nikamjibu kwamba chombo kilichopona hakijaribiwi, kinaonewa tu. Mwenyekiti kaniunga mkono kwa sababu ya mvua. Hakutaka kulowa.

Yusta alinifuata kando. Alikuwa ameshika ncha ya kanga. Mjomba, niambie kweli, watafika? Nikamwambia nimewahi kuvusha faru mgonjwa Ruaha, mto umefurika, kwa mtungi wa pombe na mlango wa choo. Akauliza kama faru alifika. Swali zuri. Nikamwambia akalale.

Jumamosi, 14 Machi

Siku yangu! Naandika kwa uchovu wa ushindi.

Asubuhi nimevuka peke yangu. Bata akaelea kama padri. Mbwa wakanisindikiza mpaka maji yakawafika shingoni. Upande wa pili nimepokewa kwa vigelegele. Mzee Sayi kajifunga shuka jipya. Shangazi yake Kulwa kavaa viatu vya kisigino. Kulwa hana damu usoni. Tukasalimiana Kisukuma, mwadila, mwadila. Wakala, wakanywa, wakabishana nani akae mbele. Muda huo wote Bata alikuwa amelala majini ananingoja. Sikuona ubaya.

Tumepakia. Mzee Sayi akavuta hewa, akasema chombo hiki kinanukia kama nyumbani kwake. Nikapokea sifa.

Katikati ya maji, tukiwa tunauona uso wa dada kwenye tuta la upande wetu, nikasikia kitu chini ya sakafu. Si mlio mkubwa. Kama mtu anayemeza kiazi. Ngozi ilikuwa imekunywa maji, imerudi kuwa laini kama siku ilipotoka kwa ng'ombe. Cheni za kulia zikaruka meno. Matairi ya kulia yakasimama. Ya kushoto yakaendelea, maana yale sikuyagusa.

Chombo kikivutwa upande mmoja kinazunguka. Basi tukazunguka.

Nilishika usukani kwa heshima zote. Nikizima injini, mkondo unatupeleka Ruaha. Nikiwasha, tunazunguka. Nikachagua kuzunguka. Shangazi akatapika, kistaarabu, upande wa nje. Jofrey akapiga kelele kutoka kwenye tuta: Injinia, kona imekwisha hiyo, nyoosha!

Hapo Mzee Sayi akakunja shuka lake, akasimama. Akasema alikuja kuposa na ataposa. Tulipoelekea tuta akapaza sauti.

"Hodi!"

Bata akageuka. Jibu la dada likatupata tukiwa tumempa mgongo. Karibuni! Mzee Sayi akangoja tuta lirudi.

"Tumepotelewa na ndama!"

Tukageuka. Tukaiona milima ya Iringa, kisha nyumba za Wasukuma, kisha tuta.

"Nyayo zake zimeishia kwenu!"

Dada, ambaye kwa kawaida posa huivuta mpaka watu wasinzie, akauliza ndama mwenyewe anafananaje. Mzee Sayi akasema maelezo ni marefu, naye kizunguzungu kimempata, kwa kifupi ndama anaitwa Yusta. Watu wakacheka hata tuta likatikisika. Mimi sikuwaona. Wakati huo nilikuwa natazama Wasukuma.

Akaulizwa Yusta kama anawajua watu hawa. Alingoja mzunguko mzima, mpaka uso wa Kulwa ukarudi mbele. Ndipo akasema anawajua. Kulwa akainua mikono yote miwili, akakaribia kuanguka majini.

Kwetu mjomba lazima aulizwe. Dada akauliza, na mjomba anasemaje? Nikajibu kwa sauti ya ukoo kwamba nimekubali, na nikaongeza hotuba fupi. Lakini Bata alikuwa amenigeuza, hotuba yote wakaipata viboko wa Ruaha. Nilipozunguka tena nikakuta vigelegele vimekwisha na watu wanaulizana habari ya wali.

Jofrey akaleta maksai wa jirani na kamba ndefu. Akarusha, Kulwa akaidaka, tukavutwa kama gogo. Walipofungua sakafu, kile kipande cha ngozi kilikuwa kinaning'inia kama ulimi. Jofrey akakishika, akawaonyesha watu, akafungua mdomo aeleze. Mbwa akakirukia, akakila.

Ushahidi hakuna! Nimesema samli haijapotea bure.

Jumapili, 15 Machi

Kanisani kila mtu kanipa mkono. Wengine walikuwa wanauchezesha mkono duara. Sijui ni mtindo gani.

Mwenyekiti kanifuata nje. Funguo za Bata anachukua yeye, na ufundi anapewa Jofrey. Akasema kamwe, kamwe, kamwe. Nimehesabu mara tatu, na mtu mwenye uhakika husema mara moja.

Wageni bado wapo kwetu, hawana pa kupita. Mzee Sayi anaeleza habari kwa kila anayeingia, na kila akieleza anasimama na kuzunguka. Anasema posa ya baba yake ilichukua mwezi, yake ilichukua wiki, hii imekwisha kabla mtu hajamaliza kutapika. Amemwambia dada kwamba ukoo unaoweza kujibu ukiwa umechanganyikiwa hivyo ni ukoo wa kuoa. Harusi ni baada ya Pasaka.

Unaona? Ningewavusha moja kwa moja wangebishana mpaka jioni. Niliwazungusha kwa faida yao. Nimemweleza Yusta hivyo. Kanibusu shavuni, kisha akaniomba siku ya harusi nije kwa miguu.

Kwa miguu! Mjomba mzima!

Jumatatu, 16 Machi

Jofrey amekwenda Mbeya mwenyewe kuchukua tenshena. Bata yuko chini ya turubai. Mwenyekiti kasema nisimguse. Nimemtazama tu. Nimemtazama kwa karibu. Funguo za Bata anazo mwenyekiti, lakini sakafu haina funguo, ina nati tu.

Nimefikiri tangu alfajiri, na kosa nimelipata. Si langu. Ni la ng'ombe. Ng'ombe ni mnyama wa nchi kavu. Ukimtia majini lazima alegee, hata ungekuwa wewe. Nilimpa kazi isiyo yake, na kwa hilo namsamehe.

Nimekwenda sokoni kwa Devotha, muuza samaki. Nimemwambia anichagulie kambale mkubwa kuliko wote, mwenye ngozi nene. Akauliza nitamla na nini. Nikamwambia si wa kula, ni wa Bata. Akarudi nyuma hatua moja.

Sasa kambale yupo juani kwenye bati, anakauka vizuri. Jofrey akirudi atakuta kazi imekwisha. Huyu mnyama anaishi majini maisha yake yote, na hakuna aliyewahi kumwona amelegea.