Ombi la Kusimamisha Shikamoo Hadi Fizi Yangu Ipone

Rudewa, Kilosa
Ijumaa

Ndugu Mtendaji wa Kijiji, Bi. Monica,

Kwanza, marahaba. Hiyo ni ya Jumatatu, uliponiamkia pale kwenye mashine ya kusaga nami nikakutazama tu. Ongeza nyingine mbili za Jumatano. Sijavimba kichwa, mwanangu, nimevimba shavu.

Wiki iliyopita daktari wa meno mjini Morogoro alichuna kipande cha nyama kwenye kaakaa langu, akakishonea kwenye fizi ya chini, ambayo ilikuwa imerudi nyuma hadi mzizi wa jino ukabaki uchi. Akanipa masharti ya siku kumi na nne: barafu juu ya shavu, uji uliopoa na mtindi, pilipili marufuku, dawa ya maumivu kwa saa zake, kulala kichwa kikiwa juu ya mito miwili, upande ule nisiupige mswaki. Zaidi ya yote nisiongee ovyo, maana kipande kikichezacheza hakishiki. Nayatekeleza. Mito yote miwili ya mke wangu Generoza ninayo mimi. Kinachonishinda ni kijiji, na malalamiko yangu ni haya:

1. Nyumba yangu iko njia ya sokoni. Kwa miaka yangu sabini na moja, siku ya gulio napokea shikamoo hadi sitini. Marahaba, ukiitamka kwa heshima yake, inafungua mdomo mara nne. Piga hesabu mwenyewe.

2. Nilijaribu kuitikia kwa kichwa. Jirani yangu Raheli akatangaza kanisani kwamba tangu nipasuliwe najiona daktari.

3. Nikaandika MARAHABA kwenye kipande cha boksi, nikawa nakiinua. Wanafunzi wakaniamkia, wakazunguka nyuma ya nyumba, wakarudi kuniamkia tena ili waone boksi likipanda. Sasa na bega linauma.

4. Hili limeniaibisha hasa. Mzee Mhoja, baba wa mkwe wangu Laurent, alikuja kunipa pole. Amenizidi miaka minane. Mimi ndiye niliyepaswa kumwamkia. Lakini mkono ulishazoea, na kabla hajaketi nikamwinulia boksi. Ndugu Mtendaji, nilimwitikia mzee wa watu shikamoo ambayo hakunipa na hatanipa kamwe! Akageuka, akaondoka na mtindi wake aliokuwa ameniletea.

5. Wanaobaki wanataka kuona mshono. "Hebu fungua kidogo tu, baba." Letisia muuza nyanya alikuja na tochi.

Kwa hiyo naomba shikamoo isimamishwe kijijini hadi nipone. Ikishindikana, ziandikwe kwenye daftari ofisini kwako, niziitikie zote kwa mkupuo siku ya kumi na tano. Hilo nalo likishindikana, niteuliwe Kaimu wa kuniitikia, mzee wa rika langu mwenye meno kamili. Nampendekeza Tomasi, ingawa anaitikia kama anayefukuza kuku.

Usilione jambo dogo. Naogopa, kusema kweli. Kipande hiki kikikataa, daktari atachuna upande wa pili wa kaakaa, na huu wa kwanza nililia mbele ya nesi mwenye umri wa mjukuu wangu.

Nisalimie mumeo, wanao, mwenyekiti na wajumbe wote. Wasijibu.

Ndimi mzee wako mwenye shavu moja kubwa,
Nikolaus Herman

Nyongeza: Barua hii nilimpa Laurent aisome kabla ya kukuletea. Leo asubuhi kaingia uani, kainamisha kichwa kwa adabu, kaketi. Shikamoo hakuna. Mbele ya wageni! Nilivumilia kama nusu dakika, kisha nikamuuliza, kwa sauti iliyowasimamisha watu barabarani, tangu lini mimi na yeye tumekuwa rika moja. Nyuzi mbili zimekatika. Nakwenda Morogoro kushonwa upya. Tafadhali chana ombi langu, na uwaambie watu wa stendi kwamba nitapita saa nne. Atakayeninyamazia tutajuana.