Jinsi Jina Lilivyotwaliwa Myanga Likaletwa Kitale

Enyi mnaopita na enyi mliokaa, enyi mnaongoja maziwa yachemke na enyi mliokwisha kuyaacha yakamwagika, wekeni vijiko chini mnisikilize, kwa maana ninayo habari ya vita. Mimi ni Kibe muuza mbao, mkazi wa Kitale tangu baba yangu alipohamia huku kutoka Nyeri na jembe moja na maneno mengi, na haya nitakayoyanena niliyashuhudia kwa macho yangu mawili mekundu. Yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na mtaelewa kwa nini.

Ikawa katika mwaka wa elfu mbili na tano, mwaka ule taifa zima lilipogawanyika kati ya ndizi na chungwa juu ya katiba mpya, watu wakanuniana hata kanisani kwa ajili ya matunda yaliyochorwa kwenye karatasi ya kura, ndipo alipozaliwa kwa jirani yangu binti mmoja mwenye kilo chache na mapafu ya kikosi kizima. Baba yake ndiye shujaa wa tarihi hii: Wabwile wa Spea, Bwana wa Minyororo na Tairi, Mziba Pancha Asiyetetereka, auzaye vipuri vya baiskeli siku za kazi na kushika maikrofoni za harusi za watu siku za Jumamosi, hata ulimi wake ukasahau namna ya kuomba chumvi bila kutoa hotuba. Kati ya nyumba yake na yangu pana ukuta wa mbao, na mbao zenyewe nilimuuzia mimi, zile nyembamba.

Mtoto akalia. Alilia jua likichomoza na akalia likitua, akalia akiwa ameshiba, akalia akiwa mgongoni na akiwa kitandani. Zahanati walimgeuza huku na huku wakasema ni mzima wa afya. Nekesa, mama yake, mwanamke mpole ambaye sijawahi kumsikia akigombana hata na kuku, akafikia mahali pa kulia pamoja naye. Mke wangu Wacera alianza kulala kwa dada yake, na mimi nikawa nampimia mteja mbao huku nikisinzia.

Hapo ndipo alipoinuka Kukhu. Yeye ni nyanya yake Wabwile, mzaa baba yake, aliyemlea tangu utotoni, na sote mtaani tulimwita Kukhu, ndivyo Wabukusu wamwitavyo nyanya. Jina lake ni Nasike. Alimtazama mtoto, akaweka chini mboga aliyokuwa akichambua, akatoa hukumu.

"Hiyo mtoto si mgonjwa. Inataka jina."

Kwao ndivyo ilivyo. Mtoto akilia bila sababu, basi kuna marehemu wa ukoo anayetaka kuitwa tena, na kazi ya wazazi ni kuyataja majina moja moja mpaka mtoto anyamaze. Kwetu sisi watu wa Nyeri mambo hayo huwa yamepangwa kabla mtoto hajazaliwa, hakuna cha kubahatisha, na nilimwambia Wabwile hivyo mara nyingi kupitia ukutani. Basi wakayataja majina ya upande wa baba, mtoto akalia. Wakayataja ya upande wa Nekesa, akalia zaidi. Ukabaki upande mmoja tu ambao haukuwa umeguswa, upande wa mama yake Kukhu, na hapo jeshi lote likasimama, kwa sababu Kukhu hakulijua jina la mama yake.

Alizaliwa Myanga, kule Bungoma, mwaka wa nzige. Mama yake akafa yeye angali ananyonya, na baba yake akambeba akaja naye Trans-Nzoia kutafuta kazi katika shamba la mzungu. Akaoa tena, na jina la marehemu halikutajwa tena ndani ya nyumba ile. Mke mpya alimlisha na kumvika vizuri, lakini siku Nasike mdogo alipomwita mama, alimjibu kwamba mama yako ni yule aliyekufa. Basi Kukhu amezeeka bila kumwita mtu yeyote mama. Alikuwa akitusimulia hayo kwa sauti ya mtu anayesema mvua imechelewa, na mimi kila mara nilitazama pembeni, kwa maana nilimpenda sana mwanamke yule na sikutaka anione.

Jambo moja tu alikuwa nalo. Baba yake, siku moja ya hasira, alitamka kwamba mjomba wako Mukhwana wa Myanga alikuwa mtu mkaidi. Hiyo ndiyo ramani yote tuliyopewa.

Ewe Mola uliyempa mtoto mchanga sauti ipitayo kwenye mbao, uipe na kalamu yangu nguvu ya kusimulia kuondoka kwetu. Wabwile alisimama mlangoni, amevaa koti la harusi, akainua mkono mbele ya mkewe, nyanya yake na mbuzi wa jirani, akanena:

"Familia yangu tukufu, leo ninaondoka nikiwa baba wa mtoto asiye na jina, na sitarudi ila nimelibeba jina hilo mikononi. Milima na mabonde yasinizuie, wala matope ya Myanga. Na nikikawia, semeni kwamba Wabwile hakugeuka nyuma."

"Enda basi, bana," akasema Kukhu. "Na usiniletee jina ya uongo."

Kisha akanifuata mpaka kwenye gari langu, ile Datsun ya kubebea mbao, farasi wetu wa vita mwenye taa moja, akaniambia polepole Wabwile asisikie: "Kibe, wakisema hawanijui, usiniambie mbele ya watoto."

Nikamwambia sawa, Kukhu, na nikawasha gari haraka.

Tukapita Kiminini, tukapita Kamukuywa, tukapita Bungoma, shujaa akifanyia mazoezi hotuba zake dirishani, mpaka tukaingia Myanga siku ya soko. Hapo Wabwile akamwendea mama mmoja muuza dagaa wa omena, akainamisha kichwa, akauliza kwa heshima zote nyumba ya mzee Mukhwana iko wapi.

"Mukhwana gani?" akauliza yule mama.

Sasa, sikilizeni balaa. Kwa Wabukusu, pacha wa kwanza huitwa Mukhwana, na akishakufa wajukuu huitwa jina lake, hata wale waliozaliwa peke yao. Na Myanga, kwa neema ya Mungu, ilikuwa imebarikiwa mapacha tangu zamani. Alikuwapo Mukhwana wa posho mill, mwenye mashine ya kusaga unga, na Mukhwana wa cherehani, na Mukhwana aliyekosana na pasta, na Mukhwana mrefu, na mwingine aliyeitwa tu yule mwingine. Shujaa wetu aliyekuja kumpiga adui mmoja alijikuta amezingirwa. Lakini hakutetereka, alichagua wa posho mill kwa sababu alikuwa karibu.

Mzee huyo alitupokea kama watu aliokuwa akiwangoja. Wabwile akafungua kinywa kuuliza, mzee akakifunga kwa mkono.

"Kwani ni moto munakimbia? Mugeni haulizi maswali na njaa. Kaa chini."

Kuku akachinjwa. Ugali ukasimama mezani mweusi wa wimbi, nao ulikuwa mkubwa. Na Wabwile, kwa kuwa ndiye mgeni wa heshima, akapewa firigisi, ambayo hapewi kila mtu, akaila kwa fahari huku mzee akituhesabia mababu zake, huyu aliua chui, huyu alimkatalia chifu, yule aliogelea mto Nzoia ukiwa umefurika. Wabwile alikuwa akitikisa kichwa akitabasamu, maana alishajiona mjukuu wa waua chui. Hatimaye akaruhusiwa kuuliza habari za yule dada wa Mukhwana aliyefariki mwaka wa nzige.

"Dada?" akasema mzee. "Hapa walizaliwa wavulana watupu. Hata mbuzi walikuwa madume."

Wabwile akaitazama sahani iliyokuwa na firigisi, na firigisi haikuwapo.

"Mzee wangu," akaanza, "nimekula kiungo cha heshima katika nyumba isiyo yangu, na koo langu..."

"Ah, imeenda na imeenda," akasema mzee, akicheka mpaka akashika mbavu. "Ukishafika ni wetu. Rakini hiyo habari yako nadhani ni ya kwa Mama Emmy, huko nyuma ya kanisa. Baba yake alikuwa Mukhwana, na dada ya huyo baba alikufa zamani."

Mama Emmy tulimkuta uani akipepeta maharagwe, mwanamke wa makamo ya uzee, mnene wa mabega, asiye na haraka. Akatusalimu, akatazama koti la Wabwile, akaenda kukamata kuku. Hapa, wasikilizaji wangu, ndipo vita vilipokuwa vikali, kwa maana tumbo la shujaa lilikuwa limejaa mpaka kwenye kola, na kukataa chakula cha nyumba ile kungekuwa kuwatukana kabla ya kuwajua. Nilimwona akiukabili mlima wa pili wa ugali tonge kwa tonge, jasho likimtiririka, kifungo kimoja cha koti kikamtoka na kuanguka uwanjani, wala hakurudi nyuma. Mimi nilisingizia vidonda vya tumbo.

Alipomaliza alisimama kwa shida. "Mama mheshimiwa," akanena, "mbele yako amesimama mjukuu wa Nasike, binti wa dada ya baba yako, aliyetumwa kutoka mbali kuja..."

Mama Emmy aliacha kukusanya vyombo.

"Nasike alikufa," akasema.

"Nani alikufa?"

"Nasike. Baba yake alimbeba akamupeleka huko kwa wazungu, na tukasikia ati alikufa njiani na surua. Baba yangu alilia sana. Harafu mimi nikazaa huyu musichana wangu wa mwisho, akalia, akalia, mpaka tukaita Nasike. Akanyamaza hapo hapo. Si yule."

Akaonyesha mlangoni. Mwanamke kijana alikuwa amesimama na sufuria, akitukodolea macho. Myanga nzima, basi, walikuwa wamemzika Kukhu tangu utoto, na jina lake limekuwa likichota maji na kupika chai pale miaka yote hiyo.

Nilimtazama Wabwile nikitarajia hotuba. Haikuja. Alikaa tena kwenye kigoda akasema kwa sauti ndogo ambayo sikujua kama anayo, "Mama, mimi nimemwacha asubuhi akichambua mboga ya mrenda."

Mama Emmy aliweka vyombo chini. Alifuta mikono kwenye leso, akaingia ndani, akatoka na viatu vya kanisani na kuku hai kwapani, akapanda Datsun, akakaa katikati yetu.

Njiani Wabwile alimwomba jina la yule marehemu, maana alitaka kulipangia maneno. Mama Emmy akampa mengine ya ukoo, ya bibi na shangazi wa zamani, lakini hilo alilikataa. "Hiyo si jina ya barabara," akasema. "Nitamwambia mwenyewe, kama kweli ni yeye."

Tulifika Kitale jua likikaribia kuzama, na kilio tulikisikia tangu kona ya kanisa. Wabwile akaingia uani kwa hatua za mshindi, akamchukua mtoto kutoka kwa Nekesa, akamwinua, akayatangaza majina aliyopewa, moja baada ya jingine, kila jina na sifa zake na kituo chake, kwa sauti ya maikrofoni bila maikrofoni. Mtoto aliyakataa yote. Kwa la mwisho alimtapikia koti.

Mama Emmy hakuwa akisikiliza. Alikuwa amesimama na kuku wake akimtazama Kukhu, na Kukhu kwenye kigoda akimtazama yeye, mkono ukiwa bado ndani ya ungo wa mboga. Kisha Mama Emmy akamkaribia, akamshika kidevu, akamgeuza uso upande huu na upande ule, akamtazama mdomoni.

"Ni yeye," akasema. "Baba alisema mama yako alikuwa na hii mwanya hapa ya meno. Wewe ni Nabangala mutupu."

"Ni nani?" akauliza Kukhu.

"Nabangala. Mama yako aliitwa Nabangala. Hatukukusahau, dada. Tulikulilia."

Kukhu akalisema jina hilo mara moja, polepole, akijaribu kama litamtosha mdomoni. Kisha akalia. Sijawahi kumsikia mtu mzima akilia namna ile, bila kujificha, kwa sauti yote aliyokuwa ameiweka tangu mwaka wa nzige. Na mtoto akanyamaza. Alikuwa mikononi mwa baba yake, mdomo wazi, akimtazama kwa mshangao aliyemshinda kulia.

Kuna watakaosema ni jina, na kuna watakaosema ni mshangao tu. Mimi nasema nendeni mkaulizane mbali na nyumba yangu, watu wamelala.

Basi iandikwe, na mjukuu amsimulie mjukuu, kwamba siku ile Wabwile wa Spea aliwashinda akina Mukhwana wote, akamaliza milima miwili ya ugali, akapoteza kifungo lakini si heshima, akarudi na jina kamili. Kwamba alilala ameketi, akiwa na matapishi begani, na hakuna aliyemwamsha. Kwamba mimi Kibe nililala nikiegemea mbao zangu mwenyewe, na Wacera akarudi nyumbani. Na iandikwe kwamba Kukhu alimpokea mtoto, ambaye sasa ni Nabangala, akamweka magotini, akamwambia, "Mayi," kama wamwitavyo mama kwao, na akarudia, "Mayi, umekuja." Hivyo ndivyo mwanamke mwenye mvi kichwa kizima alivyopata mama siku ya soko la Myanga, na mama huyo hakuwa na jino hata moja.