Tairi Kubwa za Kumkomesha Silvère

Jumatatu, 3 Juni

Madamu Harriet, mwenye shule ya chekechea Kibagabaga, anatafuta gari la kubeba walimu mwaka mzima. Tumebaki wawili: mimi na Silvère, jirani yangu hapa Batsinda. Jumamosi kila mmoja atajaziwa lita kumi za petroli, azunguke mpaka ziishe. Mita itakayosoma kilomita nyingi, mwenyewe kapata kazi. Silvère! Na kigari chake chenye vitairi vya baiskeli! Nimecheka mpaka mbavu zikauma. Mke wangu Shallon hakucheka. Kasema nikiikosa kazi hii anauza gari, ananunua kuku.

Jumatano, 5 Juni

Nina akili, jamani! Tairi kubwa hupiga hatua ndefu. Ikizunguka mara moja tu, umeshafika. Nimefunga nne pana za pikapu. Zinasugua bodi nikikata kona. Acha zisugue. Fundi Mukabalisa alitikisa kichwa, akasema zitakunywa petroli milimani na mita itanidhulumu. Spana moja mkononi, anajiona profesa. Sikumngoja amalize.

Ijumaa, 7 Juni

Leo oili. Kitabu cha gari kinataka nyepesi. Kitabu cha Japani! Wanajua nini kuhusu vilima vyetu? Nimeimwaga, nimetia ya lori, nzito kama uji wa mtama. Injini haitalika kamwe. Mukabalisa alisema asubuhi oili hiyo itachelewa kupanda, vyuma visagane vikavu. Nikamjibu kwamba nilikuwa naendesha magari Karagwe yeye bado anabebwa mgongoni.

Jumamosi, 8 Juni

Yebabawe, ole wangu!

Gari liligoma mara tatu. Likawaka likikohoa. Kila mlima lilinguruma, halisogei. Silvère alinipita akanipungia mkono. Akapunga, mshenzi yule!

Mita yake: mia na sitini na mbili. Yangu: sabini na moja. Mukabalisa akaeleza mbele ya walimu wote kwamba mita huhesabu mizunguko, na tairi kubwa huzunguka mara chache. Kumbe hata hivyo vikilomita nilivyojikokota, kama tisa hivi havikuandikwa. Nimenunua tairi za kujiibia mwenyewe! Madamu Harriet alinipa pole. Nilitamani ardhi inimeze.

Jumapili, 16 Juni

Gari limeuzwa. Kalinunua nani? Mukabalisa! Kalifunga tairi ndogo, kalitia oili nyepesi. Jana lilipita hapa kimya kabisa, makusudi. Zile kubwa kanirudishia, eti ukumbusho.

Kuku wamefika, thelathini. Nimepewa kazi ya kuwabebea chakula kwa toroli. Nimelichunguza. Lina kigurudumu cha aibu, ndiyo maana linachosha. Hawa watu hawafikiri?

Kesho nalifunga tairi ya pikapu. Na ile oili ya lori bado iko, nusu dumu.