Printa Iliyotangaziwa Kifo

Bakili aliiona printa kabla hajamwona mwenye nayo. Ilikuwa imejikalia juu ya kaunta ya duka la kadi za harusi, hatua chache kutoka Mnazi Mmoja, nyeupe, pana, ikitema kadi za dhahabu moja baada ya nyingine. Alikuwa ameitwa aitazame kompyuta iliyochelewa kuwaka. Lakini fundi mwenye malengo yake hatazami kile alichoitiwa tu.

Hiyo ndiyo miaka biashara ilipofunguliwa milango na madirisha. Kompyuta zilishuka kutoka Dubai zimebanana na friji na pasi, na Kariakoo nzima ikawa inazinunua bila kujua zinatunzwa vipi. Katika giza hilo lenye baraka, Bakili alijipa mwenyewe cheo cha injinia. Cheti hakuwa nacho, ila mfuko wa shati lake ulikuwa na kalamu nyingi kuliko wa daktari yeyote.

Elimu yake yote ilikuwa jambo moja, na tusimwonee, jambo hilo alilielewa vizuri. Kompyuta haijui kuzungumza na printa mpaka ipewe draiva, yaani yale maelekezo yanayokuja kwenye diski ndani ya boksi. Ukiifuta draiva, printa nzima yenye afya zake inabaki kimya. Ukiirudisha, au ukiweka mpya zaidi, inaamka na kuendelea na kazi. Basi Bakili alifuta, akatangaza msiba, akajitolea kuuondoa mzoga kwa bei ya pole, kisha akaufufua chumbani kwake Ilala na kuuza kwa mtu mwingine.

Tusidhani alifanya hivyo kwa kupenda dhambi. Alikuwa anataka kuoa. Mzee Fikirini, baba yake Zamda, alikuwa amemtazama kuanzia kichwani hadi kwenye mkoba wake wa vifaa, ambao ndio uliokuwa ofisi, akasema, "Binti yangu haolewi na begi. Pata fremu ya duka kwanza." Fremu ilikuwa imepatikana Mtaa wa Aggrey, na aliyekuwa akihama alitaka kilemba chake, ile pesa ya kumpisha, kabla ya Jumamosi. Bakili alikuwa na sehemu yake kubwa kwenye soksi. Iliyobaki aliiona ikitema kadi juu ya kaunta.

Akainama kwenye kompyuta, akabofya hapa na pale kwa uso wa huzuni. Alama ndogo ya njano, ishara kwamba draiva imefutika, ilipojitokeza kwenye kioo, alishusha pumzi.

"Mama Nirali, ungekaa kwanza," alisema. Mwenye duka aliitwa Jasvanti, lakini mtaa mzima ulimwita kwa jina la binti yake.

"Nikae kwa nini, fundi? Huoni nina wateja?"

"Printa imetutoka."

"Imetutoka! Sasa hivi imechapa kadi za watu wa Temeke. Haikusema inaumwa."

"Hizi haziagi, mama. Ni kama presha. Bodi imeungua ndani kwa ndani."

Bi Fakhriya, mwenye duka la vitambaa mtaa wa pili, aliyekuwa akisubiri kadi za binti yake Lujain, aliweka mkono kifuani. "Innalillahi. Una hakika, mwanangu?"

"Bi mkubwa, nawaambieni wote mliopo hapa. Mimi ni injinia. Mashine hii imekufa, na aliye hai asipoteze pesa kuitibu." Alilisema kwa sauti ya hutuba, na ni haki kukiri kwamba alijipenda sana akilisema. "Mimi nitaiondoa tu, mama, nikusaidie nafasi."

Mama Nirali aliitazama printa, kisha akamtazama yeye. "Njoo kesho. Lazima niongee na mume wangu, Mzee Ghanshyam. Kwetu hata kilichokufa kina bei."

Kesho yake Bakili alifika mapema, amenyoa. Printa ilikuwa sakafuni, imefunikwa shuka, na kando yake kulikuwa na lundo la skana, modemu na printa ndogo, vyote vimefungwa kamba.

"Mzee amekubali," alisema Mama Nirali, "lakini hatuuzi kimoja. Hivi vyote vimekufa. Unachukua kwa mkupuo, kama belo la mitumba la Mchikichini. Hufungui, huchagui."

Bakili alikaribia kucheka. Vyote vimekufa! Katika maisha yake ya kazi hakuwahi kukutana na kifaa kilichokufa ambacho hakikufa kwa mkono wake. Akaona draiva zikikosekana tu, akaona vyote vikiamka kwa pamoja, akaona fremu ina shelfu za vioo na Zamda amekaa kwenye kiti cha kuzunguka.

"Bei yako kubwa kwa takataka, mama."

"Basi acha. Kuna Muaz wa vyuma chakavu, anakuja mchana."

Hapo soksi ilifunguka. Angeijaribu printa kwanza, bila shaka, mtu yeyote mwenye akili angeijaribu. Lakini angeijaribuje mbele ya watu, mashine aliyokwisha kuitangazia kifo? Akalipa, akaita mkokoteni, akaondoka akipiga mluzi.

Chumbani aliweka draiva. Kimya. Akatafuta draiva mpya zaidi. Kimya. Akachukua bisibisi, akafungua kifuniko, na humo ndani akakuta kutu, tope lililokauka na familia ya mende iliyoshtuka kuona mwanga. Skana nazo hivyo hivyo. Modemu hazikuwa na kitu tumboni. Injinia wetu, aliyevizika vizima vingi, alikuwa amesahau kabisa kwamba vitu hufa kweli.

Alirudi dukani anakimbia. Juu ya kaunta, nyeupe na pana, printa ilikuwa inatema kadi za Lujain.

"Mama Nirali! Ile uliyonipa imekufa!"

"Ndiyo," alisema Mama Nirali, akihesabu bahasha. "Si ulisema mwenyewe?"

"Nilisema hii! Hii hapa!"

"Hii mbona inachapa?"

Bi Fakhriya alikuwepo tena. "Mwanangu, sote tulikusikia. Mashine imekufa, aliye hai asipoteze pesa. Mimi nikasoma na Innalillahi."

Kila sentensi aliyoitafuta Bakili ilianza na kukiri kwamba alijua printa ilikuwa nzima.

"Ile ni pacha yake," Mama Nirali alisema kwa upole. "Iliogelea mvua za Elnino. Na hivi vingine tulikuwa tunatafuta mtu wa kuvitupa. Jana jioni nilikutana hekaluni na shemeji yangu wa Upanga. Skana yake nayo ilikufa kwa presha, injinia akiwa wewe. Nikarudi, nikatafuta diski ndani ya boksi, nikaiweka. Ikaamka kabla chai haijapoa. Utakunywa chai, fundi?"

Hakunywa. Jumamosi ilipita na fremu ikachukuliwa na muuza viatu. Jioni yake Bakili alikwenda kwa akina Zamda, akaketi barazani, na kwa kuwa uongo wote ulikuwa umemwishia, alimweleza Zamda kila kitu, kuanzia alama ya njano hadi mende. Aliona aibu mpaka masikio yakamchemka, na bado kulikuwa na nafuu katika kusema.

Zamda alicheka mpaka khanga ikamdondoka. Akafuta machozi, akamshika mkono, akamtazama kwa huruma ya kweli.

"Pole, Bakili," alisema. "Huyo mama duka lake liko upande gani? Kesho kutwa nataka nikamwombe kazi."